Sauti ya Mtani Redioni

Old Korogwe,
11 Februari 1974

Shangazi Zamda,

Shikamoo. Na Mama umfikishie shikamoo yake, umwambie mwanawe ni mzima, anakula, na lile shati alilonishonea limechanika kwapani tu. Huku jua limetushika. Mto umepungua hadi wanafunzi wangu wa ng'ambo wanavuka kwa miguu, na bado wanachelewa darasani makusudi. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Ile dawa ya chupa ya kahawia ni yake peke yake, asiwagawie majirani. Namjua.

Sasa jambo lenyewe, na ni la furaha. Tasnifu yangu imepokelewa Chuo Kikuu. Miaka yote hii mmeniona nikizunguka Handeni na Korogwe na baiskeli, nikiwauliza wazee walisali wapi, nani alibadili dini, na watoto wao waliambiwa nini baadaye. Sasa imekuwa kazi ya kuheshimika. Walimu wangu wa Dar es Salaam wameisifu zaidi sura ya nne, ile inayohusu msiba wa Babu. Bila shaka unakumbuka nilikuja na mashine ya kunasa sauti siku ya mazishi, na Mzee Filemoni alivyotuvunja mbavu.

Watu wa redio wamesikia habari zake. Wamenialika nizungumze nusu saa kuhusu dini na kumbukumbu za watu wetu, nami nimewaambia nina kanda. Watapiga kipande kidogo. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu kabla hujaambiwa na mpita njia.

Halafu nisaidie kitu kimoja: Babu alitoka misheni mwaka gani? Kabla ya vita vya Mjerumani au baada?

Mwanao,
Rehani


Kwamhosi, Handeni,
3 Machi 1974

Rehani baba,

Marahaba. Mama yako anasema marahaba mbili, ya pili ni ya shati, na anauliza mwanamume mzima anafanya nini hadi nguo ichanike kwapani. Dawa ameinywa yote mwenyewe, ila kikohozi hakikupata habari. Mahindi yetu yameungua. Tunakula unga wa njano wa msaada, ambao ukiupika ugali unakuangalia tu. Na tumetangaziwa kuhama. Kabla ya Juni kuisha kila nyumba ya Kwamhosi iwe imehamia kijiji kipya cha barabarani, pamoja na watu wa huko milimani na wengine wa upande wa Makuyuni ambao hatujawahi kula nao hata msiba mmoja. Lori litakuja, wanasema. Mimi nimeanza kung'oa milango.

Nimefurahi kwa tasnifu yako. Baba yako angekuwa hai angechinja.

Mwaka aliotoka misheni babu yako siujui, na ningeujua nisingekuandikia. Kuhusu kanda, nisikilize vizuri. Siku ile nilikuruhusu na mashine yako kwa sababu mama yako alikuwa amelazwa hospitali, akawa analia kwamba mkwewe anazikwa yeye hayupo. Ukasema utamsikilizisha. Ukamsikilizisha, akacheka, akalia, ikaisha hapo.

Kilichomo nakijua, nilikuwepo. Mzee Filemoni alivaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akalala mlangoni jeneza lisitoke. Akaigiza sauti ya baba yangu, ile ya puani, akasema: "Jamani, msinipeleke bado. Malaika wakija kaburini kuniuliza jina nitaje lipi, Mbwana au Laurenti? Nikitaja yote mawili si nitapigwa mara mbili?" Watu wakaanguka. Mimi binti wa marehemu nilicheka hadi nikakaa chini. Kwa sababu kila aliyekuwa uani pale alijua kwamba Mwalimu Mbwana, kabla hajatujengea msikiti, alibatizwa ujanani akawa anafundisha katekisimu huko misheni. Hakufichwa mtu.

Lakini anayeyasema ni mtani peke yake, na huyasema siku hiyo peke yake. Filemoni ni Mnyamwezi, ni Mkristo, ni mkata mkonge wa Mnyuzi, na ndiye anayetuzikia kama sisi tulivyowazika wazazi wake. Akishapewa kuku wake na kuvua kanzu, maneno yamekwisha. Wewe ukiyarudia kesho yake asubuhi unakuwa mtukanaji wa maiti. Haya sikukufundisha kwa sababu sikudhani yanafundishwa.

Kipande kile usikipeleke redioni. Vingine vyote peleka.

Shangazi yako,
Zamda


Old Korogwe,
20 Aprili 1974

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mvua imekata barabara na mitihani ya majaribio imenimaliza. Nimempa dereva wa basi kilo mbili za sukari na doti ya khanga. Sukari ni ya Mama, khanga mgawane bila kugombana. Anakula? Analala vizuri?

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ni barua nzuri sana, Shangazi. Kweli, nimenakili sehemu yake, kwa sababu umeeleza utani kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Lakini naomba nami unielewe. Wazee wetu hawakuandika. Ukimwuliza mtu barazani, "Mwalimu Mbwana alikuwa nani?" atakujibu, "Alikuwa Mwislamu safi, tangu mababu." Ukweli kamili niliupata mahali pamoja tu, mdomoni mwa mtani. Pale ndipo watu wetu wanapokumbuka. Nikilitupa hilo, nitakuwa nimeandika nini? Nitakuwa nimewaambia watu kwamba tulizaliwa jana.

Na tuko katika taifa jipya. Hatuulizani dini. Ni jambo la kujivunia kwamba mzee mmoja aliweza kupita milango miwili na watu wake wakampenda vilevile. Nataka wasikie hilo nchi nzima.

Hata hivyo usiwe na wasiwasi. Nitalitazama.

Mwanao,
Rehani


Kijiji kipya, Handeni,
9 Mei 1974

Rehani,

Marahaba. Sukari imefika, pungufu kidogo, dereva naye ana chai yake. Khanga tumegawana. Tumehama. Lori lilikuja saa ambayo hatukuambiwa, likabeba vitanda na kuku pamoja. Mama yako alipanda mbele na dereva, akakohoa njia nzima. Sasa tuko kwenye mstari, nyumba ya nne kutoka ofisi ya kijiji, na kila jirani ni mgeni kwa jirani.

Hata hivyo sikuja kuwa mkiwa. Nimefungua chuo changu cha Kurani chini ya bati, na watoto wa wageni ndio wengi kuliko wetu. Wanaume wamesimamisha nguzo za msikiti. Mwenyekiti wetu, Bwana Sadala, alisema ukimalizika utaitwa kwa jina la Mwalimu Mbwana, maana ndiye aliyeanzisha swala ya jamaa nchi hii, na wageni wakakubali. Wakakubali kwa kumwamini tu, hawakumjua. Nililia siku hiyo, sikatai.

Umeniandikia kurasa mbili za maelezo na hukujibu nilichokuomba. "Nitalitazama" ni jibu la karani. Watu waliocheka na baba yangu wanaweza kubeba neno lile. Hawa wapya wataliokota kama shitaka. Nakuomba neno moja, ndiyo au hapana.

Shangazi yako,
Zamda


Old Korogwe,
30 Mei 1974

Shangazi,

Shikamoo, na Mama pia. Nimefurahi sana kwa habari ya msikiti. Babu anastahili.

Jibu ni ndiyo. Nimekusikia na nimerekebisha. Jina la Babu halitatajwa, wala la Mzee Filemoni, wala la Kwamhosi. Uwe na amani kabisa.

Kipindi kitakuwa Jumapili tarehe 14 Julai, baada ya taarifa ya habari ya jioni. Mwambie Mama asikilize sauti ya mwanawe, na akohoe kabla sijaanza.

Mwanao akupendaye,
Rehani


Kijiji kipya, Handeni,
21 Julai 1974

Rehani,

Sisi tuko kama tulivyo.

Ile ndiyo yako niliisomea mama yako kwa sauti. Halafu nikafunga khanga mpya, ile ya kwako, nikapita nyumba kwa nyumba kuwaalika watu. Mimi mwenyewe. Niliwaambia mtoto niliyemlea kwa mikono hii atasema redioni, njoni mumsikie. Bwana Sadala akatoa redio ya ofisi, akaiweka juu ya meza nje. Mama yako tukamkalisha kiti cha mbele. Wakaja wageni kuliko wenyeji, maana wanatupenda, au walikuwa wanatupenda.

Mtangazaji akakutaja: Bwana Rehani Hiza Mbwana, mwanahistoria, mzaliwa wa Handeni. Ukaanza vizuri. Sauti yako ni ya baba yako, mama yako akanifinya mkono. Ukasema kuna "mzee mmoja wa kijiji kimoja, mwanzilishi wa msikiti." Mwizi wa kuku huyo, anaficha jina la mwenye kuku huku amemshika kuku mkononi. Wewe unaitwa Mbwana, umezaliwa Handeni, mzee mwenye msikiti ni nani basi, babu wa jirani?

Kisha ikaja sauti ya Filemoni. "Nitaje lipi, Mbwana au Laurenti?" Na nyuma yake tukajisikia tukicheka. Mimi nilisikia kicheko changu, Rehani. Hujui ilivyo kusikia kicheko chako kinatoka kwenye meza ya ofisi mbele ya watu wasiojua ulikuwa unachekea nini. Mama yako alicheka tena, masikini, kwa furaha ya kumsikia Filemoni. Akageuka kutazama wengine, akaona hakuna anayecheka, akaziba mdomo kwa khanga.

Mtu mmoja wa Makuyuni akauliza kwa adabu kabisa: "Kumbe huyu tunayemjengea msikiti alikuwa padri?" Kabla sijafungua mdomo, mwingine akasema Wakristo wa mkonge walimfanyia maiti wa Kiislamu mchezo wa ubatizo, na mwanawe alikuwepo akacheka. Huyo mwanawe ni mimi. Nikawaeleza utani. Wakasikiliza. Lakini utani ukiueleza unakuwa kama kuungama kosa.

Juzi Filemoni aliitwa ofisini kutoka Mnyuzi. Wakamuuliza: uliyosema ni kweli au si kweli? Fikiri mwenyewe. Akisema ni kweli, amekuwa shahidi dhidi ya rafiki yake. Akisema ni uongo, amemsingizia maiti. Mtani haulizwi swali hilo tangu dunia iumbwe. Aliwaomba ruhusa ya kuondoka, wakampa. Alipopita mbele ya nyumba yetu hakuingia.

Jina la msikiti limeahirishwa, wanasema, na ninajua maana ya kuahirishwa. Chuoni wamebaki watoto wa ukoo wetu.

Wamesema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani inasemwa kwa watu wengine. Umenisaliti. Natafuta neno jepesi zaidi, sina. Ungesema hapana, ningekasirika yakaisha. Ulisema ndiyo.

Zamda


Old Korogwe,
6 Agosti 1974

Shangazi,

Shikamoo. Hukuandika habari za Mama. Hajambo?

Barua yako imeniumiza, na labda ulitaka iniumize. Naomba nijitetee kidogo. Sikudanganya. Niliahidi kuondoa majina na niliyaondoa. Mtangazaji kunitaja kwa jina langu kamili sikupanga mimi. Na watu wengi wameniandikia, Shangazi, Waislamu kwa Wakristo, wa Tabora, wa Masasi, wakisema hata kwao kuna wazee kama Babu na hawakuwahi kuthubutu kulisema. Msema kweli mpenzi wa Mungu, ndivyo ulivyonifundisha wewe mwenyewe pale chuoni.

Nakiri nilijua ungeielewa ile ndiyo kwa namna nyingine. Niliogopa kipindi kisingefanyika. Kwa hilo nisamehe.

Nitakuja shule zikifungwa, nizungumze na hao wageni mbele ya Bwana Sadala. Niwaeleze kitaalamu.

Mwambie Mama ninakuja.

Rehani


Old Korogwe,
29 Septemba 1974

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika mbili hujajibu. Ya pili nilimpa dereva wa basi mkononi, ameapa kwamba ulipokea. Shule zilifungwa, nami sikuja. Nilifunga mkoba, nikafika stendi, nikakaa, basi likaondoka. Sikuweza kufikiria nikishuka pale mbele ya ofisi. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Badala yake nilipanda treni hadi Mnyuzi kwa Mzee Filemoni. Unajua alivyokuwa. Tangu utoto wangu akiniona tu ananiita mtumwa wake, ananidai chumvi waliyokula babu zangu kwenye misafara, anatishia kuniuza. Safari hii alisimama. Akanipangusia kiti chake. "Karibu, Bwana Mwalimu. Habari za kazi?" Nikamchokoza, nikamwambia nimekuja kuchukua mbuzi wangu, mke wake apike haraka. Akajibu, "Ahsante sana, Bwana." Nikamtukana babu yake kama tunavyotukanana siku zote. Akatazama chini, akasema chai iko tayari. Alinisindikiza hadi stesheni, akanibebea mkoba, Shangazi, mzee yule, na nilipoondoka alivua kofia.

Heri angenitemea mate. Nilipanda treni. Ndipo nikaelewa, na nimechelewa kuelewa, kwamba nimemnyang'anya kitu ambacho sikujua kina mwenyewe.

Ile sura ya nne inataka kutoka kama kitabu. Nimewaandikia waizuie. Sijui kama inawezekana.

Nakuomba unijibu neno moja kuhusu Mama. Nikemee, nitukane, lakini niambie Mama yukoje.

Rehani


Kijiji kipya, Handeni,
17 Novemba 1974

Rehani,

Barua zako zote nimezipata. Dereva hakusema uongo.

Umeuliza habari za mama yako kila barua, na mimi tangu Julai nimeziruka. Sasa nakujibu. Fatu tulimzika mwezi uliopita, Ijumaa, baada ya swala. Matanga yameanuliwa. Khanga zake nimezigawa, na cherehani iko kwangu, ni yako ukiitaka.

Utauliza kwa nini hukupelekewa simu ya maandishi. Nilikwenda posta. Karani akashika kalamu akaniuliza maneno. Nikasimama pale, nikamwambia nimesahau anwani, nikatoka. Korogwe ingeipata siku ileile, na jioni yake ungekuwa hapa, najua.

Nilifanya hivyo kwa sababu ya Filemoni. Mama yako alipozidiwa nilimtumia neno Mnyuzi: Fatu anaondoka, njoo umzike, na Rehani hatakuwepo. Niliahidi hivyo. Nilijua ukiwepo wewe hakuna mtani atakayefungua mdomo uani kwetu, watatazama mkoba wako kama una mashine. Nikachagua. Nikasema mwanawe amekwisha kumfanyia alichomfanyia, angalau azikwe na watani wake, watu wamcheke alivyokuwa bahili wa chumvi na mkarimu wa dawa.

Filemoni alikuja. Alikuja na koti, kwenye jua lile, akakaa mkekani na wageni wa Makuyuni. Nilimletea mwenyewe khanga ya Fatu na fimbo yake, nikamwekea magotini, kama inavyofanywa, avae amwigize marehemu. Aliikunja ile khanga vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia na fimbo juu yake. Akasema, "Pole sana, mama." Mimi, mama. Alikuwa ananiita kibibi chake tangu nivunje ungo.

Jeneza likatoka mlangoni moja kwa moja. Hakuna aliyelala njiani, hakuna aliyedai kuku. Tulisikia viatu tu. Shangazi yako amefika umri huu hajawahi kuona maiti akitoka nyumbani upesi namna ile.

Kwa hiyo nilikunyima mama yako bure. Sikuombi msamaha, maana nami wa kwako sijautoa. Umesema umeelewa. Nimesoma, nikafurahi kidogo, halafu hasira ikarudi mahali pake. Ukija nitakupikia, utakula, utalala. Zaidi ya hapo sijui.

Lakini hili lazima nikuambie, nisibaki nalo peke yangu. Siku ile ya mwisho tulikuwa tumemlaza vizuri, kichwa sawa, uso umeelekea kibla, nami nimekaa nasoma. Akafungua macho akauliza kama umepata habari. Nikamwambia uko njiani. Akaomba tumgeuze aelekee mlangoni. Tukamgeuza.

Zamda binti Mbwana